Rangi ya TB haikuonyesha kitu: je, mama hana TB?

Swali: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Alitokwa na mitoki shingoni upande wa kushoto, ikakaa miezi mitatu bila kuuma. Amepungua uzito na usiku anatoka jasho. Walimkata kinyama wakakipeleka maabara, tukasubiri majibu wiki mbili na nusu. Yamekuja hivi: 'Granuloma zenye nekrosisi inayofanana na jibini. Rangi ya Ziehl-Neelsen: hakuna bakteria walioonekana. Hakuna dalili ya saratani katika sampuli hii. Oanisha na hali ya mgonjwa.' Kaka anasema maana yake mama hana TB wala kansa, basi tumrudishe nyumbani. Daktari wa wodini anataka kumwanzishia dawa za TB. Nani yuko sahihi? Na kama hadubini inakuza vitu mara elfu moja, inakuwaje ishindwe kuwaona bakteria kama kweli wapo?"

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nikujibu kwanza, maelezo yafuate: daktari wa wodini yuko sahihi. Kaka yako ameyasoma maneno vizuri, ila ameyachukua kama hukumu. Mwenzangu wa patholojia, yaani sisi madaktari tunaosoma vinyama chini ya hadubini, aliyeandika "hakuna bakteria walioonekana" hakusema kwamba hawapo. Alisema aliketi, akatafuta kwenye kipande alichowekewa, hakuwaona. Ukiisoma ripoti yote kwa pamoja, inaelekea TB, na inaelekea kwa nguvu. Ili uweze kumweleza kaka yako bila ugomvi, inabidi nikupitishe njia iliyopita nyama ya mama, kutoka shingoni hadi chini ya lenzi.

Kinyama kikishatoka mwilini hakibaki kama kilivyo. Damu imekatika, seli zinakufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake vinaanza kuzila zenyewe. Ndiyo maana kinatumbukizwa haraka kwenye fomalini, ambayo huzifunga protini moja na nyingine na kuisimamisha seli katika hali iliyokuwa nayo wakati ule. Fomalini tunayotumia kwa kawaida ni ya asilimia 10, na hupenya taratibu mno: kwa kukadiria, milimita moja kwa saa, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo inavyozidi kuchelewa. Tena inatakiwa iwe nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe. Niliwahi kupokea tezi ya limfu, ndiyo hiyo ikivimba tunaiita mtoki, kubwa kama ngumi ya mtoto, imeshindiliwa kwenye kichupa chembamba, fomalini imeloanisha pembeni tu. Nilipoipasua, nje ilikuwa ya kijivu na ngumu kama inavyotakiwa, katikati ilikuwa nyekundu, laini, inanuka. Chini ya hadubini sehemu ile ya katikati ilikuwa vivuli vya seli, viini vyote vimefutika. Mgonjwa ikabidi akatwe mara ya pili. Lilinikaa moyoni siku nyingi, kwa sababu ni kosa linalozuilika kwa chupa yenye mdomo mpana.

Lakini fomalini nayo ina gharama yake, na hiyo inamhusu mama moja kwa moja. Inaua bakteria. Kinyama kikishaloweka humo, huwezi tena kuwaotesha bakteria wa TB, na hata kipimo cha vinasaba kinapungua nguvu kwa sababu fomalini huvikatakata na kuvifungamanisha vinasaba. Kwa hiyo mgonjwa anapokatwa tezi na TB inafikiriwa, tezi hiyo igawanywe palepale: nusu iende kwenye fomalini kwa ajili ya hadubini, nusu iende mbichi, kwenye maji safi ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya kuotesha na kupima vinasaba. Nalisema hili kila ninapopata nafasi, kwa madaktari na kwa ndugu wa wagonjwa, maana tezi nyingi huzamishwa nzima kwenye fomalini na nusu ya majibu hupotea dakika hiyohiyo, kabla hata chupa haijafika kwetu. Muulize daktari kama ya mama iligawanywa.

Baada ya fomalini, kinyama hunyang'anywa maji kidogo kidogo kwa alkoholi inayozidi kuwa kali, kisha alkoholi hutolewa kwa kiyeyushi kiitwacho zailini, kisha nta ya moto ya parafini huingia mahali pote yalipokuwa maji. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na mashine usiku kucha. Nta ikishapoa, unapata bloku: kijitofali cheupe chenye kinyama katikati. Fundi wa maabara anakifunga kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia, anazungusha gurudumu, na kisu kinatoa utepe mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kushika, unene wake mikromita 4 hivi, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una mikromita 70 hivi. Utepe huo hulazwa juu ya maji ya uvuguvugu, mikunjo inajinyoosha yenyewe, na fundi anauvua kwa kupitisha kioo chini yake na kukiinua taratibu. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado nasimama kuangalia fundi mzuri anapovua. Mkono ukitetemeka kidogo tu, utepe unajikunja, na mkunjo ule baadaye utaonekana kama mstari mweusi mahali ambapo labda ndipo palipokuwa na jibu.

Sasa shika hesabu hii, maana ndiyo nusu ya jibu lako. Tezi yenye unene wa sentimita 2 ni mikromita 20,000. Ukiikata vipande vya mikromita 4 unapata vipande 5,000. Mimi husoma kipande kimoja, viwili, pengine kumi nikiomba vya ziada. Bakteria wa TB ni kijiti chenye urefu wa mikromita 2 hadi 4. Kama kipo kwenye kipande cha mia nane na mimi ninacho cha mia tisa, sitakiona hata ningekuwa na macho ya tai.

Na kuhusu ile mara elfu moja. Ni kweli, lenzi ya mafuta inayokuza mara 100, ukizidisha na mara 10 za lenzi ya jicho, inakupa elfu. Lakini kadiri unavyokuza ndivyo unavyoona eneo dogo. Kwa lenzi hiyo, duara ninaloliona kwa wakati mmoja lina upana wa milimita 0.2 hivi. Kipande cha tezi chenye eneo la sentimita moja ya mraba kina maduara ya namna hiyo zaidi ya 3,000. Ni kama kutafuta sindano uwanjani kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Hatuyapitii yote kwa uzito mmoja, tunaanzia mahali bakteria wanapopenda kukaa, hasa ukingoni mwa sehemu iliyokufa. Ila hata hivyo ni kazi ya subira. Nakumbuka slaidi ya kijana mmoja ambayo nilikuwa tayari kuiandikia "hawakuonekana". Kitu kikanirudisha kwake baada ya chakula cha mchana, nikaketi tena karibu saa nzima, nikapata vijiti viwili tu, vyekundu, vimejipinda kidogo, pembeni kabisa mwa nekrosisi. Viwili kwenye kioo kizima, na vilitosha kubadilisha ripoti.

Kwa nini vyekundu? Tishu iliyokatwa mikromita 4 haina rangi. Ukiiweka chini ya lenzi bila kuitia rangi utaona kitu kama ukungu juu ya kioo. Rangi ya kwanza tunayompa kila mgonjwa, awe na ugonjwa gani, ni jozi ya hematoksilini na eosini. Hematoksilini hutoka kwenye kiini cha mti mmoja wa Amerika ya Kati. Ikishaoksidishwa na kuunganishwa na chumvi ya alumini hushika kwenye vinasaba vilivyomo ndani ya kiini cha seli na kukipa rangi ya bluu ya zambarau. Eosini hushika protini zilizokizunguka na kuzipa rangi ya waridi. Rangi mbili tu, zimetumika pamoja tangu miaka ya 1870, na hadi leo sehemu kubwa ya magonjwa tunayataja kwa hizo hizo. Wanafunzi huwa hawaamini mwanzoni. Kinachowapotosha ni kudhani kwamba rangi ndiyo inayoonyesha ugonjwa. Rangi inaonyesha mahali kitu kilipo, na ugonjwa unausoma kwenye mpangilio.

Ngoja nikuonyeshe alichokiona mwenzangu kwenye slaidi ya mama. Alianza na lenzi ndogo kabisa, inayoonyesha tezi nzima kama ramani. Tezi yenye afya ina mpangilio: visiwa vya mviringo vya seli pembezoni, njia za limfu katikati, kila kundi mahali pake. Kwa mama mpangilio huo umevurugwa na madoa ya waridi yasiyo na viini hata kimoja. Hiyo ndiyo nekrosisi, seli zilizokufa kiasi cha kutobakiza umbo. Ukiikata kwa kisu kabla ya kuitia rangi, inatoka nyeupe na kuvunjikavunjika kama jibini, na jina lake limetoka hapo. Kuzunguka doa kuna seli za ulinzi zilizorefuka, viini vyao vyembamba katikati na vipana miisho kama nyayo za kandambili, zimebanana bega kwa bega. Katikati yao kuna seli kubwa kupita kiasi, kila moja ikiwa na viini kumi, ishirini, vimejipanga pembeni kwa umbo la kiatu cha farasi. Nje kabisa, mduara wa limfosaiti, seli nyingine za kinga, ndogo nyeusinyeusi. Umbo hilo zima ndilo granuloma. Ni boma ambalo mwili umelijenga kumzunguka adui ulioshindwa kummaliza.

Boma la namna hii, lenye jibini katikati, kwenye shingo ya mtu anayepungua uzito na kutoka jasho usiku, kwa sehemu kubwa linajengwa kwa sababu ya TB. Si kila mara, nitakuja hapo. Lakini ndiyo maana nilisema ripoti inaelekea TB hata kabla hujafika kwenye mstari wa Ziehl-Neelsen.

Sasa mstari huo. Robert Koch alitangaza kumgundua bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882. Mwaka huohuo Paul Ehrlich akaona jambo la ajabu: bakteria hawa ni wagumu kupokea rangi, lakini wakishaipokea hawaiachii hata wakioshwa kwa tindikali. Sababu ni ganda lao, limejaa asidi ya mikoliki, ambayo ni mafuta mazito yenye tabia ya nta. Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha njia hiyo, na ndiyo tunayoitumia mpaka sasa: unamwaga fuksini nyekundu yenye fenoli, unaipasha moto ili ipenye ile nta, unaosha kwa tindikali hadi kila kitu kingine kimepauka, kisha unaweka bluu ya methilini kwa ajili ya mandhari. Kama wapo, wanasimama kama vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu.

Ugumu ni kwamba nta ile ile inayowatambulisha ndiyo inayoteseka njiani. Zailini na parafini ya moto zinazotumika kutengeneza bloku huyeyusha sehemu ya mafuta hayo, kwa hiyo bakteria waliomo kwenye tishu hawashiki rangi kwa nguvu kama wale wa kwenye makohozi. Na kuna jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Granuloma nzuri, iliyojengeka sawasawa, ni ushahidi kwamba mwili unapigana. Mwili unapopigana vizuri, bakteria ni wachache. Kwa mgonjwa ambaye kinga yake imeporomoka, mathalani mwenye VVU aliyekawia kuanza dawa, mara nyingi naona kinyume: granuloma hazijakamilika au hazipo kabisa, na vijiti vyekundu vimejaa hadi huhitaji kutafuta. Kwa hiyo kwa mama, boma zuri na bakteria wasioonekana ni vitu vinavyokwenda pamoja. Kutoonekana kwao hakupingani na TB hata kidogo.

Niseme na upande wa pili, ili usifikirie kwamba nyekundu ndiyo mwisho wa maneno. Ziehl-Neelsen haijui TB. Inajua ganda lenye nta. Jamaa wengine wa ukoo huo nao hushika rangi, ikiwemo bakteria wa ukoma, ingawa yeye tunamtafutia njia iliyolegezwa kidogo kwa sababu hushika kwa unyonge. Wapo hata wanaoishi kwenye maji ya bomba. Nimewahi kuona vijiti vyekundu vizuri kabisa, nikafurahi, kisha nikazungusha rekebisho la lenzi nikagundua kwamba vijiti vikionekana vizuri, tishu inafifia, na tishu ikionekana vizuri, vijiti vinafifia. Vilikuwa vimelala juu ya tishu, si ndani yake. Vilitoka kwenye maji yaliyotumika maabara. Kwa sababu hiyo kila tunapotia rangi tunaweka pembeni slaidi ya mgonjwa ambaye TB yake inajulikana. Bakteria wake wasipogeuka wekundu, kazi yote ya siku hiyo inarudiwa, wala hatuandiki kwamba hawakuonekana kwa mtu yeyote.

Kila rangi maalumu ni swali moja, na haijibu swali jingine. Robin Warren, mtaalamu wa patholojia wa Perth, Australia, alikuwa akisoma vinyama vya tumbo mwaka 1979 akaona bakteria waliojipinda wamejipanga juu ya utando uliovimba. Akaamua kuvitia rangi ya madini ya fedha ili wajitokeze vizuri zaidi. Wakati huo iliaminika kwamba tindikali ya tumbo haiachi bakteria kuishi. Yeye na Barry Marshall wakathibitisha kwamba bakteria hao, wanaoitwa leo Helicobacter pylori, husababisha uvimbe wa tumbo na vidonda, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba wataalamu wengine walikuwa wamewaona bakteria kama hao zamani, wakawapita. Slaidi haikuficha kitu.

Kwa mama, swali ambalo ningependa liwe limeulizwa pamoja na la TB ni la fangasi. Kuna fangasi wanaosababisha granuloma zenye jibini ambazo huwezi kuzitofautisha na za TB kwa waridi na zambarau peke yake, wengine wadogo wa mikromita 2 hadi 4 tu, wamejibanza ndani ya seli za ulinzi. Hawa hawashiki fuksini. Wanatafutwa kwa rangi ya PAS, inayowapa wekundu wa zambarau, au kwa rangi ya fedha ya Grocott, inayowafanya weusi tititi kwenye uwanja wa kijani. Mwombe daktari aulize kama mojawapo ilifanyika. Kama haikufanyika, bloku lipo na ni kazi ya siku moja au mbili. 

Kuhusu saratani. Seli za saratani hazina rangi yake pia, tunazijua kwa tabia: kiini kikubwa kupita kiasi kulinganisha na seli yake, cheusi, chenye mipaka iliyokwaruzika, kila kimoja na umbo lake, seli zinagawanyika ovyo, na zaidi ya yote zimo mahali ambapo si pao. Kwenye tezi ya shingo zinaweza kuwa zimehamia kutoka kooni, kutoka tezi ya thairoidi au kutoka mapafuni, au zikawa limfoma, yaani saratani ya tezi zenyewe. Zikiwa na utata ndipo tunapotumia kingamwili zilizotengenezwa kushika protini moja tu, na mahali zinaposhika panatokea rangi ya kahawia. Ile ya keratini, protini ya seli za ngozi na utando, ikishika kwenye tezi, tunajua seli hizo ni wageni kutoka kwenye ngozi au utando wa kiungo fulani. Zile za protini za CD20 na CD3 hutenganisha makundi ya limfosaiti. Vipimo hivi huchukua siku zake, na ndivyo ripoti za wengine zinavyofika wiki ya tatu.

Mwenzangu ameandika "katika sampuli hii", na nampongeza. Kuna limfoma ya Hodgkin ambayo seli zake zenyewe ni chache mno, kubwa, mara nyingi zina viini viwili vinavyokutazama kama macho ya bundi, na zinaweza kuzungukwa na granuloma. Kuna pia saratani zinazozusha granuloma kwenye tezi jirani bila zenyewe kuwemo. Nekrosisi ya jibini kama ya mama si kawaida yake, kwa hiyo sikuambii uogope. Nakuambia kwa nini sentensi ile haikuandikwa kwa mkato.

Na yale maneno ya mwisho, "oanisha na hali ya mgonjwa", watu wengi hudhani ni njia ya kukwepa. Mimi huyaandika nikimaanisha kabisa. Ninachokiona ni kipande cha mikromita 4. Sijui kama anakohoa, sijui uvimbe umekaa muda gani, mara nyingine fomu inayokuja na chupa imeandikwa "uvimbe shingoni" na basi. Fomu yenye maneno matano ya ziada, umri, muda, kupungua uzito, jasho la usiku, hali ya VVU, inanielekeza rangi ipi niagize tangu siku ya kwanza. Daktari wa wodini anamwona mama mzima. Ameyachukua ya kwetu, akayaweka juu ya yale anayoyaona kitandani, akafikia uamuzi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Basi kabla dawa hazijaanza, ulizia mambo machache. Kama kuna nusu ya tezi iliyowekwa bila fomalini, ipelekwe kipimo cha vinasaba vya TB, kile ambacho wengi wanakijua kwa jina la GeneXpert, maana kinaweza kumtaja bakteria na pia kuonyesha kama anastahimili rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Kama haipo, na bado kuna mtoki mwingine umevimba, daktari anaweza kuvuta majimaji yake kwa sindano nyembamba, ni jambo la dakika chache. Apimwe VVU kama hajapimwa, apigwe picha ya kifua, na kama anakohoa atoe makohozi. Hili la mwisho ni kwa ajili yenu pia: TB iliyoko kwenye tezi peke yake haiambukizi kwa hewa, lakini ya mapafu inaambukiza, na wakati mwingine zinakuwa zote mbili.

TB ya tezi kwa kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Usishtuke mtoki ukivimba zaidi wiki za mwanzo za dawa, au hata mwingine ukijitokeza. Hutokea mwili unapowashambulia bakteria wanaokufa, na si ishara kwamba dawa zimekataa. Mwonyeshe daktari, lakini asiache dawa. Ila kama miezi miwili imepita, anakunywa dawa vizuri, na bado uzito unashuka, homa zinaendelea na mitoki inakua, hapo ndipo pa kurudi na kusema: tunaomba slaidi zisomwe upya, na kama itabidi, kinyama kingine kikatwe. Hakuna mtaalamu wa patholojia mwenye kujiheshimu atakayechukia ombi hilo. Mimi mwenyewe huwapelekea wenzangu slaidi zangu kila wiki.

Mkienda kuomba maoni ya pili msiende na karatasi peke yake. Karatasi ni maneno ya mtu mmoja, na msomaji wa pili anahitaji kitu chenyewe. Ombeni maabara iwape slaidi na bloku la nta, au iwatumie moja kwa moja. Bloku likihifadhiwa mahali pakavu pasipo na joto kali hukaa miaka mingi, na linaweza kukatwa tena hata baadaye sana. Juu ya ripoti, karibu na jina la mama, kuna namba ya maabara, na namba hiyohiyo imeandikwa pembeni mwa bloku na kwenye kila kioo. Inakili leo, na uhakikishe jina lililo pembeni yake ni la mama, herufi kwa herufi.